Maswali Yenu: Kampuni ya Udhamini Inapobadilisha Wenyewe

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu kampuni za udhamini, yaani zile zinazoshika na kusimamia mali kwa niaba ya wengine: wakfu wa familia, mipango ya pensheni, mashamba na nyumba za warithi ambao bado ni watoto. Hisa za kampuni kama hizi zinapohama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, jambo hilo haliwahusu muuzaji na mnunuzi peke yao. Tumechagua maswali sita.

Familia yetu ina asilimia 60 ya hisa za kampuni ya udhamini hapa Nairobi. Tumepata mnunuzi wa asilimia 40. Wakili wake anataka tutie sahihi fomu ya uhamisho wa hisa na tulipwe wiki ijayo, halafu ruhusa za serikali zifuatiliwe baadaye. Ni sawa? – Msomaji, South C

Si sawa. Mkataba wa mauziano mnaweza kuutia sahihi hata kesho, mradi useme kwamba mauzo hayakamiliki hadi idhini zote zipatikane kwa maandishi. Fomu ya uhamisho ndiyo isubiri. Hiyo ndiyo karatasi inayoiwezesha kampuni kufuta jina moja kwenye daftari la wanahisa na kuandika jingine, na jina likishaandikwa, mnunuzi ana kura.

Mdhibiti alipoipa kampuni yenu leseni au usajili, aliwapima watu: nani wanaimiliki, pesa zao zimetoka wapi, wamewahi kufilisika au kupatikana na hatia ya ulaghai. Watu hao wakibadilika, kipimo cha kwanza hakifai tena. Ndiyo maana idhini hutangulia. Mdhibiti anayepewa habari baada ya tukio hana la kufanya ila kuadhibu, na adhabu hairudishi mali ya yatima iliyokwisha kuchezewa.

Nani aulizwe? Inategemea kampuni yenu inafanya nini, kwa hivyo anzeni kwa kutoa leseni na vyeti vyote kwenye faili na kuvipanga mezani. Kama ni mdhamini wa mipango ya pensheni, mwandikieni Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA. Kama ni mdhamini wa hazina za uwekezaji wa pamoja au wa hazina za uwekezaji wa majengo, ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Kama ni kampuni inayomilikiwa na benki na kinachouzwa ni hisa za benki yenyewe, Benki Kuu ya Kenya lazima itoe idhini kabla ya mtu kupata zaidi ya asilimia 5. Kampuni moja inaweza kuwa chini ya wawili kati ya hawa kwa wakati mmoja, na idhini ya mmoja haimfungi mwenzake.

Yupo pia ambaye wengi humsahau: Mamlaka ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 haiishii kwenye nusu ya hisa. Asilimia 40 yenye haki ya kuzuia bajeti au kuteua mkurugenzi mkuu inaweza kuhesabiwa kuwa udhibiti, kwa sababu inampa mtu uwezo wa kuathiri sera za kampuni kwa kiasi kikubwa. Kwa kanuni za mwaka 2019, kampuni zinazohusika zikijumlishwa mauzo au mali na zisipite shilingi milioni 500, hamhitaji kuwasilisha ombi. Kati ya milioni 500 na bilioni 1 mnaweza kuomba kuondolewa kwenye utaratibu mrefu. Anayekamilisha muungano unaohitaji idhini bila kuipata anaweza kufungwa hadi miaka 5 au kutozwa faini hadi shilingi milioni 10, na mamlaka inaweza kuongeza adhabu ya hadi asilimia 10 ya mauzo ya mwaka uliotangulia. Msikisie, mpeni mhasibu vitabu vya pande zote mbili apige hesabu.

Sasa faili lenyewe. Andaeni rasimu ya mkataba, azimio la bodi, hesabu zilizokaguliwa za mnunuzi za miaka 3, vyeti vya kulipa kodi, nakala za vitambulisho au pasipoti, cheti cha mwenendo mwema cha kila mtu atakayekuwa na usemi, ripoti ya mikopo, na ushahidi wa pesa za kununulia. Huo ushahidi ndio hukwamisha wengi. Barua ya benki kwamba akaunti ina shilingi milioni 48 haitoshi. Inaonyesha pesa zipo, haionyeshi zilikotoka. Kama ni mauzo ya shamba, wekeni mkataba wa shamba na risiti ya kodi yake. Kama ni mkopo, wekeni masharti ya mkopo, na mtarajie kuulizwa kama hisa zenyewe ndizo dhamana. Mdhibiti hapendi kampuni ya udhamini ambayo hisa zake zinaweza kuchukuliwa na mkopeshaji asiyemjua.

Halafu mchoro wa umiliki. Chora kisanduku cha kampuni yenu chini kabisa, panda juu kisanduku kwa kisanduku, na usisimame hadi ufike kwa binadamu mwenye jina na tarehe ya kuzaliwa. Michoro mingi inayorudishwa imeishia kwenye kampuni iliyosajiliwa ng'ambo, kana kwamba kampuni hiyo ilijizaa yenyewe. Kila mshale uandikwe asilimia, na jumla ya kila ngazi iwe 100. Jina lililo kwenye mchoro lilingane herufi kwa herufi na lililo kwenye kitambulisho na kwenye mtandao wa Mamlaka ya Mapato, KRA.

Kuhusu pesa, tuchukue mfano. Kampuni ina hisa 100,000. Mnauza 40,000 kwa shilingi milioni 48, nazo mlizipata kwa milioni 8. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, hivyo mnunuzi analipa 480,000. Kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023 na ni juu yenu: milioni 48 ukitoa 8 ni 40, ukitoa gharama za wakili na mthamini, tuseme milioni 1, inabaki 39, na kodi yake ni shilingi 5,850,000. Msiandike bei ya chini kuliko thamani halisi kwa kudhani mtaokoa kitu. Mkadiriaji atatumia thamani. Na hapa pana sababu nyingine ya kutokimbilia fomu: ushuru wa stempu hulipwa ndani ya siku 30 tangu hati itiwe sahihi. Mkisaini leo na idhini ije baada ya miezi minne, mmeshaingia kwenye adhabu kwa hati ambayo hamkuruhusiwa kuitumia. Baadhi ya mawakili husainisha fomu isiyo na tarehe na kuishika. Hilo likifanyika, barua ya kumkabidhi wakili iseme waziwazi kwamba haitolewi hadi idhini zilizotajwa kwa majina ziwe mkononi, na kwamba itachanwa zisipopatikana kufikia siku fulani.

Pesa nazo zikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili. Malipo ya awali yawe madogo na yanayorudishwa.

Wakati mnasubiri, mnunuzi asikalie kiti. Hili ni kosa linalofanyika kwa nia njema kabisa: anaalikwa kwenye mkutano wa bodi "azoee", anapewa nakala za barua za wateja, anashauri nani aachishwe kazi, anaongezwa kwenye watia sahihi wa benki. Kila moja ya hayo ni ushahidi kwamba umiliki umekwisha kuhama kabla ya ruhusa. Aone hesabu za kampuni, ndiyo. Faili za wateja na hati za wakfu hapana, isipokuwa muhtasari usio na majina.

Mwisho kwa upande wenu, someni kanuni za kampuni. Nyingi zinataka hisa zitolewe kwanza kwa wanahisa waliopo kwa bei ileile. Asilimia 40 nyingine ni ya nani, na amekataa kununua kwa maandishi? Barua yake iwe kwenye faili kabla ya yote haya.

Nimekuwa nikichangia pensheni kwa miaka mingi. Tumeambiwa kampuni inayodhamini mpango wetu imenunuliwa. Je, na pesa zetu zimeuzwa? – Mwanachama, Umoja

La, mama, hazikuuzwa. Kilichouzwa ni hisa za kampuni, yaani ofisi, jina, mikataba na faida inayotokana na ada. Mali ya mpango wa pensheni si ya kampuni ya udhamini. Inaishika kwa ajili yenu tu, na hata kampuni ikifilisika wadai wake hawana haki ya kuigusa. Zaidi ya hapo, sheria za RBA zimetenganisha mikono: mdhamini anaamua, meneja wa hazina anawekeza, na mtunzaji wa mali ndiye anayeshika hati za dhamana, hisa na fedha. Mnunuzi wa mdhamini hawezi kuingia kwa mtunzaji na kubeba.

Hata hivyo una haki ya kuwa na wasiwasi, kwa sababu anayeamua amebadilika, na uamuzi mbaya unaweza kula michango polepole bila mtu kuiba hata senti. Muulizeni mdhamini maswali haya kwa barua, na mtake jibu kwa barua. Idhini ya mdhibiti ni ya tarehe gani, na uhamisho ulisajiliwa tarehe gani? Ya pili ikiwa mapema kuliko ya kwanza, pana tatizo. Ada zitabaki zilezile? Mwenye kampuni mpya ana hisa pia kwenye kampuni ya meneja wa hazina, ya mtunzaji au ya bima inayohudumia mpango wenu? Hili la mwisho lifuatilieni sana. Mdhamini ndiye anayepaswa kumsimamia meneja na kumfukuza akizembea. Wote wawili wakiwa mali ya mtu mmoja, nani atamfukuza nani? Ulizeni pia kama bima ya makosa ya kitaaluma iliendelea bila kukatika. Bima nyingine hukoma yenyewe mwenye kampuni akibadilika, na madai ya makosa ya zamani yakabaki bila pa kukimbilia.

Kisha someni hati ya wakfu ya mpango wenu. Kwa kawaida ina kifungu cha kumwondoa mdhamini, na hutaja nani ana uwezo huo na notisi ya siku ngapi. Mkifikia hapo, mali haihami ghafla: mdhamini mpya anateuliwa kwanza, RBA inaarifiwa, sahihi za benki na za mtunzaji zinabadilishwa, ndipo wa zamani anatoka.

Mabadiliko pia huanzia juu kabisa, kwenye benki mama, bila jina la mdhamini wenu kutajwa popote. KCB iliinunua Benki ya Kitaifa mwaka 2019. Machi 2024 ikatangaza kuiuzia Access Bank ya Nigeria, na mauzo yakakamilika Mei 2025, baada ya kusubiri wadhibiti wa nchi zote mbili. Benki inapouzwa, kampuni zilizo chini yake huenda nayo. Mkisoma habari kama hiyo gazetini, msingoje kuandikiwa, andikeni ninyi.

Sisi ni ndugu wanne, watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Tumeshauriwa kila mmoja anunue asilimia 9 ya kampuni ya udhamini ili hakuna atakayefika 10 na kulazimika kujitangaza. Ni halali? – Msomaji, Eastleigh

Aliyewashauri amewapeleka pabaya. Tangu kanuni za mwaka 2020 kuhusu wamiliki halisi wa kampuni, yaani binadamu wanaoimiliki au kuitawala hasa, asilimia 10 ya hisa ni mlango mmoja tu kati ya minne ya kuhesabiwa hivyo. Mlango wa pili ni asilimia 10 ya kura. Wa tatu ni haki ya kuteua au kuondoa mkurugenzi. Wa nne ni ushawishi mkubwa au udhibiti wa aina yoyote, hata usio na hisa. Ndugu wanne waliokubaliana kupiga kura pamoja wana asilimia 36, na mara nyingi hiyo inatosha kumweka mkurugenzi. Makubaliano hayo yawe ya maandishi au ya mdomo kwenye chai, ni makubaliano.

Umiliki wa kupitia kampuni nyingine nao unahesabiwa. Chukua mtu mwenye asilimia 60 ya kampuni A, nayo A ina asilimia 30 ya kampuni ya udhamini. Ukizidisha, ana 18. Ukisema anaitawala A kabisa kwa kuwa ana zaidi ya nusu, ana 30 yote. Kwa hesabu yoyote amepita 10.

Kinachoandikwa ni jina kamili, nambari ya kitambulisho au pasipoti, PIN ya KRA, uraia, tarehe ya kuzaliwa, anwani, simu, barua pepe, kazi, aina ya umiliki na tarehe ulipoanza. Kampuni huweka daftari hilo na kuwasilisha nakala kwa Msajili wa Kampuni kupitia eCitizen, na mabadiliko hupelekwa ndani ya siku 14. Kutotii kunaweza kuleta faini ya hadi shilingi 500,000 kwa kampuni na kwa kila ofisa aliyehusika, na hadi 50,000 kwa kila siku kosa linapoendelea. Habari hizo hazitundikwi hadharani. Zinapatikana kwa mamlaka zinazohusika. Kama hofu yenu ilikuwa majirani kujua mali yenu, haikuwa na msingi.

Kenya iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kuhusu utakatishaji wa fedha mnamo Februari 2024, na umiliki uliofichwa ni mojawapo ya mambo yanayoangaliwa. Kampuni za udhamini ziko mstari wa mbele katika suala hilo kwa sababu kazi yao ni kushika mali kwa jina lisilo la mwenye kufaidika. Nunueni pamoja, mkiri kwamba mko pamoja, mjaze fomu moja inayoonyesha asilimia 36. Maombi ya wazi hupita. Yanayokwama ni yale ambayo mdhibiti anagundua undugu kwa kuona majina matatu yanayofanana na anwani moja.

Marehemu baba aliacha asilimia 30 ya kampuni ya udhamini. Je, tunahitaji idhini wakati hatukununua chochote? – Msomaji, Lang'ata

Poleni kwa msiba. Kifo hakiombi ruhusa, kwa hivyo hamna kosa kwa hisa kuwa sehemu ya mirathi. Lakini kuwa mrithi si kuwa mwanahisa mkubwa aliyekubaliwa. Anzeni kwa kumjulisha mdhibiti kwa barua mara mnapopata cheti cha kifo, hata kabla ya kwenda mahakamani. Kisha ombeni mahakama iwape mamlaka ya kusimamia mirathi. Kuthibitishwa kwa mamlaka hayo kwa kawaida hungoja miezi 6, na ndipo hisa zinaweza kugawanywa.

Katika kipindi hicho msimamizi wa mirathi anazilinda hisa, na tunawasihi asizitumie kupiga kura za kubadilisha wakurugenzi kabla mdhibiti hajajibu. Mtakapogawana, kila mrithi atakayefika asilimia 10 anaandikwa kama mmiliki halisi, na yule atakayepata sehemu kubwa anapimwa kama mnunuzi yeyote. Akikataliwa, mali yake haipotei: anauza hisa kwa anayekubalika na kubaki na pesa. Bora mlijue hilo kabla ya kukubaliana nani achukue hisa na nani achukue nyumba.

Ndugu yangu anaishi Dallas na amealikwa kununua sehemu ya kampuni ndogo ya udhamini huko Texas. Mambo ni kama ya hapa? – Msomaji, Kileleshwa

Msingi ni uleule, milango ni mingine. Marekani kampuni ya udhamini inaweza kuwa na leseni ya jimbo au ya taifa, na hilo ndilo swali lake la kwanza. Yenye leseni ya Texas iko chini ya kamishna wa benki wa jimbo. Mtu hapati hisa za kumpa udhibiti, na asilimia 25 ya kura inahesabiwa kuwa udhibiti, bila idhini ya kamishna ya maandishi iliyotangulia. Kufanya mazungumzo ya kununua kunaruhusiwa. Kununua ndiko kunakozuiwa. Kwa kampuni zilizo chini ya sheria ya taifa ya mwaka 1978 ya mabadiliko ya udhibiti wa benki, notisi hutolewa siku 60 kabla, na hata asilimia 10 inaweza kuchukuliwa kuwa udhibiti ikiwa hakuna mwingine mwenye zaidi.

Singapore, kwa wanaouliza kwa ajili ya watoto wanaofanya kazi huko, inaweka kizingiti kwenye asilimia 20, na inamhesabu mtu pamoja na washirika wake. Ndugu yako asichukue namba ya nchi moja na kuitumia nyingine. Na kama pesa zinatoka Nairobi, aandae ushahidi wa chanzo chake hapa kwanza. Huko wataudai ukiwa kwa Kiingereza na umethibitishwa na wakili.

Tulinunua kampuni ya udhamini na tukakuta kabati nne za mafaili ya wateja walioondoka zamani. Tuchome? – Msomaji, Industrial Area

Msichome. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inataka rekodi za wateja na miamala zitunzwe angalau miaka 7, na jukumu hilo linabaki kwa kampuni hata wenyewe wakibadilika. Yaorodhesheni moja moja: jina la wakfu, tarehe uliyofunguliwa, tarehe uliyofungwa, na hati za asili zilizomo. Hati za mashamba na vyeti vya hisa mtakavyovikuta humo si karatasi kuukuu. Ni mali ya watu. Viwekwe kwenye sefu siku hiyohiyo, na wenyewe au warithi wao watafutwe kwa barua ya rejista.